Kaka yangu akilewa anasema "mtanizika tu", ni pombe inasema au ni yeye?

Swali nililoletewa ni hili, nimelifupisha na majina nimeyatoa:

"Shikamoo daktari. Niko Kaliua, nina kaka yangu ana miaka 41, mkulima wa tumbaku, anakunywa kila siku mwaka wa sita sasa, sanasana gongo. Mwezi uliopita mke wake kaondoka na watoto, karudi kwao Kasulu. Tangu hapo kaka akilewa anasema 'mtanizika tu mpumzike', na wiki jana kampigia mama saa nane usiku anamwomba amsamehe. Asubuhi ukimuuliza anacheka, anasema ilikuwa pombe tu. Wajomba wanasema anayetaka kufa hatangazi, hayo ni maneno ya pombe. Ni kweli? Na tukimfungia ndani siku tatu pombe imtoke, si hayo mawazo yataisha yenyewe? Alafu mnadani kuna mtu anauza dawa ya kuacha pombe, unaweka kwenye chai bila yeye kujua, nimtilie?"

Marahaba mdogo wangu, na mwangaluka. Mi si daktari, ni nesi wa afya ya akili, ila huku Tabora ukivaa koti jeupe tu tayari we daktari, basi tuendelee. Nimelisoma swali lako mara tatu na nitaanza na lile la katikati, la kumfungia ndani, sio kwamba ndo kubwa kuliko yote ila ndo ambalo mnaweza kulifanya kesho asubuhi na keshokutwa likawa msiba.

Msimfungie.

Iko hivi, mtu aliyekunywa kila siku miaka sita ubongo wake umeshazoea kufanya kazi pombe ikiwemo ndani. Pombe inalegeza na kupoza, na ubongo ili usizimike unajikaza upande wa pili. Chukulia watu wawili wanasukumana mlangoni, mmoja nje mmoja ndani, nguvu zinalingana na mlango umetulia, sasa yule wa nje aondoke ghafla, wa ndani si anaruka na mlango wake mpaka uani? Pombe ikikatwa ghafla ndo hicho kinatokea. Masaa sita mpaka nane tangu kikombe cha mwisho mikono inaanza kutetemeka, jasho, moyo unakimbia, kichefuchefu, usingizi hamna, vijana wanaita arosto. Ndani ya siku mbili za kwanza anaweza kuanguka degedege kama mtu wa kifafa na hajawahi kuugua kifafa maisha yake yote. Kuanzia siku ya pili mpaka ya nne baadhi yao wanaingia kwenye hali mbaya kabisa, joto linapanda, anaona wadudu ukutani, anasikia watu wamekuja kumkamata, hajui yuko wapi wala leo siku gani. Na hapo ndo utasikia karogwa, sijui majini ya upande wa mke, anapelekwa kwa mganga na huko nako anafungwa kamba. Hali hiyo bila matibabu inaua, na ikitibiwa mapema wengi mno wanapona. Hizo siku tatu mlizopanga za kumfungia ndo hizohizo za hatari, na mmemweka chumbani peke yake, mlango umefungwa, ana hofu, hana usingizi, anasikia sauti, na kabla ya hapo alishasema anataka kufa. Unaona wenyewe.

Hospitali tunafanya nini? Wala si kitu cha ajabu. Anapewa diazepamu, dawa ya kutuliza ubongo, kwa kipimo kinachopunguzwa siku hadi siku ili ubongo ushuke taratibu, maji, chakula, na vitamini B1 ambayo inaitwa thayamini. Hiyo B1 watu wanaidharau kwa sababu ni vitamini, lakini mnywaji wa muda mrefu mara nyingi imemwishia mwilini, na isiporudishwa mapema anaweza kuchanganyikiwa, akayumba kutembea, na kumbukumbu ikapotea moja kwa moja. Ndo maana mtu wa pombe akiletwa amelegea tunampa kwanza B1 kabla ya dripu ya sukari, ndugu wengine wanakuja juu kwamba tunachelewesha dripu, hatucheleweshi.

Sasa turudi kwa wajomba. Kwa heshima zote wajomba zako wamekosea, na nadhani wenyewe wanajua. Maana wajomba haohao mlevi akifichua siri ya ukoo kilabuni watasema pombe imemtoa ukweli, ila akisema nataka kufa wanasema ni pombe tu. Mbona pombe iwe kweli kwenye siri na iwe uongo kwenye kifo?

Ulevi wa usiku mmoja kwa kawaida haubuni wazo ambalo halikuwepo. Mara nyingi wazo lipo, linazunguka kichwani mchana kutwa, ila asubuhi mtu ana breki: anamfikiria mama, anafikiria watoto, anaogopa maumivu, anaona aibu hata kulitamka. Pombe inachofanya ni kulegeza hizo breki. Alafu inafanya na kitu kingine ambacho wanasaikolojia wamekiandika sana tangu miaka ya 1990, inabana mawazo. Ni kama mtu anatembea usiku na tochi ndogo, anaona kile tu alichokimulika. Akimulika "mke kaondoka" basi dunia nzima ni mke kaondoka, kwamba kesho kuna shamba, kuna mtoto atapiga simu, kuna dada yake anayemhangaikia kama wewe, hayo yote yako gizani pembeni, hayaoni. Kesho yake asubuhi akiwa hajanywa anaona mapana kidogo, anaona aibu kwa aliyosema, anacheka. Hicho kicheko msikichukue kama jibu.

Hiyo ni pombe ya usiku mmoja. Ya miaka sita ina kazi yake nyingine. Inavuruga usingizi, inavuruga zile kemikali za ubongo zinazoshika hisia za mtu, na mwisho inaleta sonona, yaani ugonjwa wa huzuni na kukata tamaa. Wengi wanaanza kunywa ili wapunguze mawazo na mwisho wa siku wanakunywa kwa sababu pombe yenyewe ndo inayatengeneza hayo mawazo. Alafu bado inakula maisha ya nje, hela ya tumbaku inaishia kilabuni, deni la pembejeo linabaki palepale, mke anachoka, heshima inashuka, watu wanaacha kumwalika vikaoni. Kwa hiyo mtu anakuwa na sababu nyingi za kukata tamaa, na kila jioni anakunywa kitu kinachoondoa breki. Ukiuliza pombe na kujiua vinakutana wapi, mi nakujibu vinakutana hapo.

Mkisema labda naongeza chumvi, sikilizeni hesabu. Mwaka 1997 watafiti wawili wa Uingereza, Harris na Barraclough, walikusanya tafiti nyingi za watu wenye uraibu wa pombe wakakuta hatari yao ya kufa kwa kujiua ni karibu mara 6 ya watu wengine. Mwaka 2004 Wilcox na wenzake kule Marekani wakarudia kwa tafiti nyingi zaidi, wakapata karibu mara 10. Haina maana kila mlevi atajiua, wengi sana hawafi hivyo, ila ina maana ukiwa na mtu wa pombe nyumbani na ametamka kifo, huna ruhusa ya kukisia. Na yule mjomba atakayesema hayo ni mambo ya wazungu mwambie Shirika la Afya Duniani linahesabu vifo vya kujiua zaidi ya 720,000 kwa mwaka, na karibu robo tatu ni kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati kama yetu.

Lakini kilichonishtua zaidi kwenye barua yako ni neno "mwezi uliopita". Kuna daktari mmoja wa akili, George Murphy wa St. Louis kule Marekani, kazi yake kubwa ilikuwa kufuatilia watu wa pombe waliojiua, anazungumza na ndugu zao, anauliza miezi ya mwisho ilikuwaje. Mwaka 1967 yeye na mwenzake Robins waliandika kwamba karibu theluthi moja ya hao watu walikuwa wamepoteza mtu wa karibu, kwa kuachana au kwa kifo, ndani ya wiki sita tu kabla. Wiki sita. Baadae, mwaka 1992, alitaja vitu saba alivyokuta vinajirudia: bado anakunywa, ana sonona, ameshaongelea kujiua, hana watu wa kumshika mkono, ana ugonjwa mkubwa wa mwili, hana kazi, anaishi peke yake. Mhesabie kaka yako. Anakunywa, ametamka, mke na watoto wameondoka kwa hiyo nyumbani saivi yuko mwenyewe, na sonona sijampima ila ningeshangaa asipokuwa nayo. Hivyo ni vinne na hatujafika mbali.

Na ile simu ya saa nane usiku kwa mama. Dada, mtu mzima wa miaka 41 hampigii mama yake usiku wa manane kumwomba msamaha bila kosa jipya. Inawezekana ilikuwa ni majuto tu ya mlevi, sawa, inawezekana. Lakini kwenye kazi yetu kuomba msamaha ghafla, kugawa vitu vyake, kulipa madeni madogo madogo kwa haraka, au kutulia ghafla baada ya wiki nyingi za mahangaiko, vyote hivyo tunavisikiliza kama mtu anayeaga mpaka tujiridhishe vinginevyo.

Nikwambie kwanini mi sina mzaha na hili. Nikiwa bado mgeni kazini, kituo fulani mbali na hapa, aliletwa mwanaume mmoja amelewa analia, anasema amechoka na maisha. Tukamwambia ndugu yake mrudisheni nyumbani, akishalevuka mleteni tuongee naye vizuri. Ndivyo tulivyozoea, mlevi haongei na daktari mpaka awe mzima. Hakurudishwa, ilikuja taarifa tu. Mi ndo niliyeandika kwenye daftari "arudi akiwa hajalewa" na mpaka leo huo mwandiko wangu nauona. Tangu siku hiyo akija amelewa na ametamka kifo simrudishi, analala pale pale, anaangaliwa, tunaongea naye asubuhi.

Na hiyo asubuhi ndo nataka na wewe uitumie. Usiongee naye usiku akiwa amelewa, usiku kazi yenu ni kumwangalia tu asibaki peke yake na msibishane naye. Ongea naye mapema, kabla hajaenda kuzimua, wewe au yule ndugu anayemsikiliza kuliko wote, na muongee mkiwa wawili tu, sio kikao cha ukoo. Umuulize wazi. Najua kwetu neno lenyewe linaogopwa, tunazunguka tunasema "usije ukafanya ujinga", sasa ukimwambia usifanye ujinga umeshamwambia kwamba anachokiwaza ni ujinga na hatakwambia tena. Sema hivi: "Kaka, wiki jana ulimwomba mama msamaha usiku, na umesema tutakuzika. Unafikiria kujiua?" Alafu nyamaza. Kumuuliza mtu hakumpandikizii wazo, hofu hiyo imechunguzwa sana na haina ukweli, wengi wanashusha pumzi kwa sababu hatimaye kuna mtu kalisema. Akisema ndiyo, usilie kwanza, usimhubirie, usimchape na watoto ("unataka watoto walelewe na nani?"), maana mwenyewe ameshajiona mzigo kwa hao watoto na wewe unamwongezea. Muulize anawaza mara ngapi, ameshawaza atafanyaje, ameshapanga lini. Akiwa na jibu la "vipi" na la "lini" hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo, sio ya wiki ijayo baada ya mnada.

Akisema hapana? Basi umefungua mlango, muulize tena baada ya siku mbili, na yale mengine yote fanyeni hivyohivyo.

Kuna hili la stoo. Nyumba ya mkulima wa tumbaku ina dawa za shambani, mnajua wenyewe. Zitoeni pale nyumbani zote, zikae kwa jirani kwenye kabati lenye kufuli na ufunguo asijue ulipo, pamoja na kingine chochote cha hatari mnachokijua ninyi, na vidonge vya bibi. Watu wananijibu "nesi, anayetaka kufa atapata tu njia". Si kweli. Wazo la kujiua mara nyingi linapanda kama wimbi na linashuka, linaweza kuwa masaa au hata dakika, na kwa mtu aliyelewa ndo zaidi, sasa wimbi likija likakuta kitu hakipo karibu, mtu anabaki hai na wengi wao hawarudii. Sri Lanka walipopiga marufuku zile dawa za kilimo kali zaidi, awamu kwa awamu kuanzia miaka ya 1980 na 1990, vifo vya kujiua vilishuka kwa zaidi ya asilimia 70 ndani ya miaka ishirini na kitu. Hawakubadilisha mioyo ya watu, walibadilisha kilichopo stoo. Hata kwa pombe yenyewe ni vilevile, Gorbachev, kiongozi wa Umoja wa Kisovieti (Urusi ya zamani), alipobana pombe mwaka 1985 vifo vya kujiua vya wanaume vilishuka sana ndani ya muda mfupi, na pombe ilipoachiwa vikapanda tena.

Swali lako la kama mawazo yataisha akiacha pombe, jibu ni kwamba unaweza kuwa sahihi nusu. Sonona iliyoletwa na pombe kwa watu wengi inapungua sana wiki mbili mpaka nne baada ya kuacha kabisa, nimeona watu wanaingia wodini hawataki hata kutazamwa usoni na baada ya mwezi wanagombania redio. Lakini wapo wenye sonona yao ambayo ilikuwepo hata kabla ya pombe, hao pombe ikitoka sonona inabaki imekaa peupe na inahitaji matibabu yake, maongezi na dawa. Kwa hiyo baada ya wiki nne mtu anapimwa tena. Akipewa dawa za kwenda nazo nyumbani azishike mtu mwingine na ziwe za siku chache chache. Na msilegee siku anaporuhusiwa, wiki za kwanza baada ya kutoka wodini ni za hatari, anarudi kwenye nyumba ileile tupu, deni lilelile, kilabu kipo palepale, mshikaji wa kwanza kukutana naye anampa cha kumpongeza. Akiteleza akanywa, na wengi wanateleza, kinachomuumiza zaidi ni aibu. Mwambieni mapema kabla hajateleza kwamba akiteleza arudi kliniki kesho yake, hatafukuzwa wala hatachekwa.

Dawa ya mnadani, usimtilie. Ipo dawa halali ya hospitali inaitwa disulfiramu, ilianza kutumika kwa walevi huko Denmark miaka ya 1940, inazuia mwili kumalizia kuvunja pombe, sumu ya katikati inajikusanya na ukinywa juu yake uso unawaka, unatapika, moyo unagonga, presha inaweza kushuka mpaka mtu akafa. Ndo maana inatolewa kwa mtu aliyekubali mwenyewe, amepimwa moyo na ini, na anajua asiguse pombe hata ya kwenye dawa ya kikohozi. Sasa wewe unamwekea kwenye chai kisiri na yeye saa nne anaenda kupiga gongo, umemfanya nini? Na huyo wa mnadani hatujui hata kaweka nini kwenye ungaunga wake. Alafu siku akigundua, na atagundua tu, atajua dada yake ndo alimwekea kitu kwenye chai, na wewe saivi ndo uzi pekee alioushika.

Kuhusu gongo niseme kidogo kwa sababu ndugu huwa wanatuambia "anakunywa vikombe viwili tu". Bia ya nusu lita yenye asilimia 5 ina kama gramu 20 za kilevi chenyewe. Robo lita ya kitu cha asilimia 40 ina karibu gramu 80, yaani hicho kikombe kimoja ni bia nne, na gongo hakuna aliyeipima, leo inaweza kuwa hivyo kesho zaidi, mbali na kwamba ikipikwa vibaya au ikichanganywa na vitu inaweza kuua macho. Wanzuki na kangara zina nguvu ndogo kuliko gongo, ila mtu wa kunywa kutwa nzima anafika palepale.

Kuna kitu kinawaogopesha ndugu wengi hawasemi, polisi. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 217, inataja kujaribu kujiua kuwa ni kosa. Sasa elewa vizuri, kuwa na mawazo na kuyasema kwa mhudumu wa afya sio kujaribu, hakuna kosa hapo, na hata aliyejaribu anatakiwa kutibiwa kwanza. Maoni yangu binafsi kifungu hicho kinaficha wagonjwa, kinafanya ndugu waje kutudanganya kwamba "kala chakula kibaya" na sisi tunatibu kitu kingine. Kenya, Mahakama Kuu yao mwezi Januari 2025 ilisema kifungu chao kama hicho kinapingana na katiba. Tuendelee.

Cha kufanya ni hiki. Usimkatishe pombe ghafla mkiwa bado nyumbani, ni bora afike hospitali akiwa amekunywa kidogo kuliko afike siku ya pili ya kufungiwa akiwa anatapatapa. Anzeni hospitali ya wilaya hapo hapo Kaliua, zahanati haitoshi kwa hili, na wao wakiona inabidi watawapa rufaa ya kuja hospitali ya mkoa ya Kitete hapa Tabora. Wasomaji wa Kigoma nao wana hospitali ya Maweni. Mkifika mapokezi msiseme "ana homa", msiseme "ni mlevi" mkaishia hapo, semeni vyote viwili kwa pamoja: anakunywa kila siku miaka sita, na anaongelea kujiua. Mkisema kimoja atatibiwa kimoja. Ikitokea usiku na hamna gari, piga 112 ya dharura, na ile namba ya bure ya Wizara ya Afya ni 199, na mwambieni mwenyekiti wa kitongoji, ana pikipiki za watu anazoweza kuziamsha. Sheikh au katekista akija ni vizuri, wengi wanasaidia sana, ila mwombe kabla hajaingia asianze na mambo ya motoni.

Mke wake usimpigie kumwambia arudi la sivyo mtu atakufa. Huo mzigo si wake, yeye naye ameondoka na sababu zake na huenda ameokoa watoto. Unachoweza kumwomba ni kitu kidogo, watoto wampigie baba yao asubuhi saa moja, wakati hajanywa, waongee ya shule na ya kuku, basi. Asipotaka msimlaumu.

Na wewe usikeshe peke yako. Pangeni zamu, wewe, mama, na huyo mjomba mmoja ambaye nina hakika hakulala baada ya ile simu. Siku ya safari muondoke mapema, awe na watu wawili, mmoja kila upande, maji na kitu cha kula mkononi, akianza kutetemeka njiani msishangae. Na andika kwenye karatasi saa aliyokunywa mara ya mwisho, hilo ndo swali la kwanza mtakaloulizwa.